Shemwindo na mali ya mabinti: kusoma tena karisi ya Mwindo

Kuna neno moja linalotoka mdomoni kwa urahisi kila mara tunapozungumza juu ya mila: kwamba wazee wetu hawakuwa na kitu, lakini walikuwa na furaha. Linasemwa kwenye matanga, linasemwa kwenye ndoa, linaandikwa katika vijitabu sawa na hiki chetu. Sisi nasi tunalisikia na tunanyamaza, maana ni neno tamu, na anayelikataa anaonekana kama mtu asiyeheshimu wakubwa. Lakini tukienda kuuliza masimulizi yenyewe waliyotuachia wakubwa hao, hatukuti mahali yanaposema vile. Tunakuta jambo lingine, gumu kidogo, na tunafikiri lina faida zaidi kwa watu wa leo.

Tuchukue karisi ya Mwindo, ya ndugu zetu Wanyanga wa Walikale. Wengi wanaijua kwa jina tu. Wachache wameisoma, na haiko ajabu: kitabu kilitoka Marekani mwaka 1969, maneno ya kinyanga pamoja na kiingereza, kazi ya Daniel Biebuyck, Mbelgiji, pamoja na Kahombo Mateene, mtoto wa kinyanga mwenyewe na mtaalamu wa lugha. Yule aliyewasimulia mwaka 1956 alikuwa mzee Rureke, aliyeitwa Shé-Kárisi, ni kusema baba wa karisi. Hakuketi tu na kusema maneno. Aliimba, alicheza, alitikisa kibuyu, wasaidizi wakimpigia fimbo, na watu waliomsikiliza walitoa zawadi na chakula. Kwa Wanyanga karisi ni mzimu pia. Mwimbaji haimbi kwa kupenda tu, ameagizwa.

Mwanzo wa habari unajulikana. Shemwindo, mwami wa Tubondo, ana wake saba. Siku moja anawaita wake zake na watu wake wote, anatoa amri: wake wazae mabinti tu. Atakayezaa mtoto mwanaume, mtoto huyo atauawa. Juu ya nini? Masimulizi hayatuambii. Rureke anapita pale haraka, kama mtu anayejua kwamba wasikilizaji wamekwisha kuelewa. Wasomaji wengi wamejibu kwamba ni juu ya mali, na sisi tunakubaliana nao, lakini tunataka jibu hili lipimwe na maneno ya karisi, siyo kwa kudhani tu.

Kipimo cha kwanza kiko katika lugha yetu. Kiswahili cha huku kwetu Kivu kinatumia neno moja, mali, kwa utajiri wa kila namna na kwa vile vinavyotolewa juu ya binti anapoolewa. Tunasema fulani amekwisha kutoa mali, na kila mtu anajua siyo habari ya duka. Baba mwenye mabinti anangoja kuingiza. Baba mwenye vijana anangoja kutoa. Shemwindo amepiga hesabu hiyo, akaona inafaa kuigeuza sheria ya nchi. Kipimo cha pili ni mpango wa habari yenyewe. Mara tu baada ya amri ile, anatokea Mukiti, nyoka mkubwa wa maji, akimposa Iyangura, dada wa Shemwindo. Wanapatana juu ya mali, Mukiti anatoa, Iyangura anapelekwa mtoni. Msimulizi angeweza kuweka ndoa hii mahali popote. Ameiweka pale, karibu na amri, ili tuone kwa macho jinsi mwami huyu anavyohesabu watu wa nyumba yake.

Basi Shemwindo siyo mwovu wa ajabu. Ni mtu tunayemjua. Anatamani kitu ambacho kila baba anaweza kukitamani siku mbaya, ila yeye ana nguvu ya kukitimiza.

Wake sita wanazaa mabinti siku moja. Wa saba, Nyamwindo, yule aliyependwa kuliko wote, mimba yake inakawia. Hapa karisi inaleta jambo dogo ambalo wahakiki wengi wanaliruka, na sisi tunaliona ni ufunguo. Mama anahangaika na tumbo lake, hana nguvu ya kwenda msituni. Kumbe kuni zinajileta mlangoni. Halafu maji. Halafu mboga. Ni mtoto aliye tumboni anayemfanyia mama yake kazi hata kabla ya kuzaliwa. Wakati baba anahesabu mtoto mwanaume kama hasara, hasara hiyo imekwisha kubeba kuni. Hakuna mahubiri pale, Rureke hatoi maelezo. Anaweka tu kuni mlangoni.

Mwindo anazaliwa kwa kidole cha mama, anatembea, anasema, ana konga mkononi, yaani usinga wa kifalme, na shoka dogo, na begani mfuko wa Kahombo. Kahombo ni mzimu wa bahati njema (na ni jina ambalo Wanyanga wanapewa, tumeliona hapo juu kwa mmoja wa wenye kitabu). Ndani ya mfuko huo wa bahati kuna nini? Siyo dhahabu, siyo butea, ile feza ya zamani ya nyuzi za mrafia. Kuna kamba ndefu. Baadaye tunajua kazi yake: Mwindo anaposhuka kuzimu, ncha moja anaibeba yeye, ncha nyingine inabaki mkononi mwa shangazi Iyangura. Kamba ikitikisika, shangazi anajua mtoto mzima. Ikinyamaza, amekufa. Kwa hiyo bahati, katika karisi hii, ni kuwa na mtu anayeshika upande wa pili. Tumesoma vitabu vingi juu ya furaha, hatujaona picha iliyo wazi zaidi.

Mfululizo wa mateso tunaupita upesi. Baba anamrushia mikuki, anamzika, anamfungia ndani ya ngoma na kuitupa majini. Mtoto anatoka kila mara, ngoma inaelea ikiimba, na Mwindo anakwenda kwa shangazi. Anarudi Tubondo na watu wake, na radi ya Nkuba inateketeza kijiji chote. Hapa ndipo wasomaji wengi vijana wanasimama na kupiga makofi. Wanamfanya Mwindo kuwa kama wale watu wa filamu, wenye misuli, ambao hawafi. Usomaji huu hatuukubali. Karisi haikuishia pale, na sehemu inayofuata ni ndefu kuliko ile ya vita.

Tumtazame kwanza Shemwindo anayekimbia. Mwami wa wake saba, aliyepokea mali ya Mukiti, anang'oa mmea wa kikoka na kuingia shimoni kwenye mizizi yake. Anakimbia na roho yake tu. Mtoto anamfuata mpaka kwa Muisa, mwenye kuzimu. Na mlangoni mwa kuzimu anakaa nani? Kahindo, binti wa Muisa, naye ni mzimu wa bahati njema, lakini amejaa buba mwili mzima, vidonda toka miguuni mpaka mdomoni. Mtu mwingine angeziba pua na kupita. Mwindo anamsafisha na kumponyesha. Na Kahindo anamwonya: baba yangu atakupa kiti, usikae, atakupa pombe, usinywe, atakupa chakula, usile. Ukarimu wa Muisa ni mtego.

Tukae kidogo juu ya vidonda hivi. Huku kwetu tumezoea kuona bahati kama mwanamke aliyevaa vizuri, anayepita na gari. Wanyanga wamemweka chini, mahali pabaya, mgonjwa anayenuka, na wanasema anayetaka bahati lazima aanze na kumwosha. Halafu wameweka karibu naye meza ya Muisa, yenye kila kitu, ambayo lazima ikataliwe. Hayo mawili yanakwenda pamoja. Kukataa peke yake haitoshi; maskini mwenye kiburi naye anakataa. Mwindo anakataa kiti cha Muisa baada ya kugusa vidonda vya Kahindo, na ndiyo maana kukataa kwake kuna uzito.

Mwishoni Shemwindo anafika kwa Sheburungu, muumba, naye anamwalika Mwindo kucheza wiki, mchezo wa mbegu. Wanaweka dau. Mwindo anashindwa. Anaweka tena, anashindwa tena: feza, mifugo, watu wake, vyote vinakwenda. Shujaa aliyeteketeza kijiji anakaa mbele ya ubao na hana kitu. Kimebaki konga tu mkononi. Anaweka konga, na kwa konga anarudisha vyote.

Wapo wanaoeleza kwamba konga ni nguvu ya uchawi, basi. Sisi tunaona haiko hivyo tu. Mali yote inaweza kuchezewa na kupotea, na karisi haikasiriki inapopotea. Inasimulia kwa utulivu, karibu kwa kicheko. Kitu ambacho hakipotei ni kile alichozaliwa nacho, ambacho hakuna aliyempa na hakuna aliyemwuzia. Tena tusisahau sababu ya safari. Mwindo hakushuka kutafuta ng'ombe wa Sheburungu. Alishuka kumtafuta baba yake, yule yule aliyemzika, na anapanda naye mpaka kijijini, akiwa hai. Kama karisi hii ingekuwa habari ya kisasi, au ya utajiri, ingekuwa imekwisha juu ya ubao wa wiki.

Kisha linakuja baraza la Tubondo. Kijiji kimefufuliwa, watu wamekusanyika, na Shemwindo anatubu mbele ya wote. Anakiri amri yake, anakiri alivyomtesa mtoto. Iyangura naye anasema, na anasema kwa nguvu: mtoto mwanaume au mwanamke, ni mtoto. Nchi inagawanywa, baba anapata mlima wake na Mwindo mlima wake. Kwa watu wa leo mgawanyo huu ni jambo la kushangaza. Mwenye nguvu zote hachukui vyote. Anamwachia aliyetaka kumwua mahali pa kukaa mzee kwa heshima.

Hata hapo bado. Mwindo anapokuwa mwami, anatamani nyama ya nguruwe, anawatuma Wambuti kuwinda, na zimwi Kirimu linawameza. Mwindo analiua. Kumbe Kirimu alikuwa na urafiki na Nkuba, ile ile radi iliyomsaidia Mwindo kule Tubondo. Nkuba anamnyanyua mpaka juu, anakaa mwaka mzima katika baridi na joto, mbele ya Mvua, Mwezi, Jua na Nyota, wakimkaripia. Yeye aliyejisifu kila mahali hana la kusema. Anarudi akiwa mtu mwingine, amekatazwa kuua hata mnyama, na anawapa watu sheria.

Sheria hizi ndizo tunazotaka zisomwe na wale wanaosema mila zetu zinasifu umaskini. Mwindo anawaambia watu wake walime vyakula vingi na vya namna nyingi. Wakae katika nyumba nzuri, katika kijiji kizuri. Wasigombane, wasichukue wake za wengine, wasimcheke kilema anayepita. Mwami aogopwe na yeye awaogope watu. Na wazae watoto warefu na wafupi.

Hakuna mahali anaposema: ridhikeni na njaa. Shamba kubwa na nyumba nzuri zinakuja mwanzoni kabisa. Lakini angalieni zinavyofuatana: chakula, nyumba, halafu moja kwa moja jirani, kilema, mwami, mtoto. Vitu vinatajwa ili watu wakae pamoja ndani yake. Na ile ya watoto warefu na wafupi ni jibu kwa baba yake. Shemwindo alitaka watoto wa aina moja, wenye kuingiza. Mtoto wake anaamuru watoto wa kila aina, bila kuuliza wataingiza nini.

Tunaposema haya tunafikiria nchi yenyewe ya Walikale. Msitu ambamo Rureke aliimba una madini ya bati, kasiterite, na tangu miaka ya 2000 jina la Bisie limejulikana duniani kuliko jina la Mwindo. Wazee waliona vijana wakibeba magunia ya kilo 50 mgongoni katika matope mpaka barabarani, na ndege ndogo zikishuka juu ya lami pale Kilambo kuchukua mzigo kwenda Goma. Wenye bunduki walibadilishana juu ya mlima ule. Septemba 2010 serikali ilikataza uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, ikafungua tena Machi 2011. Mwaka 2019 kiwanda kikubwa kilianza kutoa madini pale Bisie. Machi 2025, vita ilipofika mpaka Walikale, kikasimama, na mwezi uliofuata kikaendelea.

Mbele ya mambo haya, mtu anayewahubiria vijana wa Walikale kwamba furaha haiko katika mali anafanya kazi ya nani? Wenye madini watafurahi kusikia kwamba wenyeji hawataki kitu. Ni kwa sababu hii tunasema lile neno tamu la mwanzo ni la hatari. Kumwambia mtu asiye na barabara, asiye na dawa, kwamba babu yake alifurahi bila vitu hivyo, ni kumpa kiti cha Muisa.

Lakini upande mwingine nao tuuseme wazi. Tumeona mababa waliotoa watoto shuleni ili wakabebe magunia, tumeona mabinti waliohesabiwa kufuatana na bei ya madini ya mwezi ule. Mali ya ndoa ilipanda wakati koltani ilipopanda mwaka 2000, na koltani iliposhuka mwaka uliofuata, wapo waliobaki na madeni na ugomvi wa wakwe. Huo ni mtindo wa Shemwindo kabisa, mwami anayeamua mtoto yupi ana faida. Karisi haimlaumu Shemwindo kwa kuwa tajiri. Inamlaumu kwa kutaka watu wawe njia ya kupata vitu, na inamwonyesha alivyoishia kwenye mizizi ya kikoka.

Je, karisi yenyewe haina kasoro? Inazo, na kuipenda kwetu hakutuzuii kuzitaja. Wale mabinti waliozaliwa na wake sita siku ile, walikwenda wapi? Wanazaliwa, furaha ya baba inatimia, halafu masimulizi yanawaacha. Hatusikii jina la hata mmoja, hawasemi barazani, hawapewi mlima. Tunajua tu kwamba walitakiwa juu ya mali, na karisi inayomhukumu baba yao inawatumia karibu kama yeye: wako pale ili hesabu ya wake saba itimie. Mtu anaweza kujibu kwamba habari ni ya Mwindo. Sawa. Lakini masimulizi ambayo yana nafasi ya kumsimulia kriketi, yule mdudu aliyekwenda kumpasha Shemwindo habari kwamba mtoto mwanaume amezaliwa, yalikuwa na nafasi ya binti mmoja.

Iyangura anatufariji kidogo. Aliolewa kwa mali, alipelekwa majini kwa nyoka, akawekewa mlinzi, Kasiyembe. Kwa hesabu ya kaka yake kazi yake ilikwisha siku ile mali ilipopokelewa. Na ni yeye anayempokea mtoto aliyetupwa, anayeshika kamba, anayesema kweli barazani. Nyamwindo, mama mwenyewe, hasemi sana. Kazi ya mama imechukuliwa na shangazi. Sijui kama tunaweza kuiita kasoro, maana kwa Wanyanga, na kwa makabila mengi ya huku, shangazi ana sauti ambayo mama hana katika mambo ya ukoo wa baba. Hata hivyo tungependa kumsikia Nyamwindo siku alipokuta kuni mlangoni na hakujua zimeletwa na nani.

Kuna namna nyingine za karisi hii. Biebuyck alitoa nyingine mwaka 1978, na msimulizi mmoja hasimulii sawasawa na mwenzake. Hilo linatupa tumaini, kwa kuwa karisi haikufungwa na kitabu cha 1969. Lakini ni lazima ipate mtu wa kuiimba kwa kinyanga, na mtu wa kuitia katika kiswahili chetu ili mwanafunzi wa Goma au Bukavu aisome bila kupitia kiingereza. Akipatikana mwimbaji wa sasa, mwanaume au mwanamke, tungemwomba jambo moja: atakapofika kwenye wale watoto sita waliozaliwa siku ile, asiwapite. Awape majina.